Mto Pangani: Samaki hahitaji maji tu, anahitaji maji kwa wakati wake

Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Rosemary Lowe, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Lowe-McConnell, alichapisha maelezo ya kisayansi ya aina za perege wa Ziwa Jipe na Mto Pangani ambazo hadi wakati huo hazikuwa na majina katika vitabu vya sayansi. Mojawapo ilipewa jina la mji ulio kando ya mto huo. Ndiyo Oreochromis korogwe, yaani perege wa Korogwe. Ni miji michache nchini ambayo jina lake limebebwa na samaki.

Tangu mwaka huo Mto Pangani umebadilika. Umejengewa mabwawa na mitambo ya umeme, umefungua mifereji ya umwagiliaji, na sasa ndio tegemeo la maji ya bomba kwa wakazi wa Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Mahitaji hayo yote ni halali na yote yanaongezeka. Katika hali hiyo wananchi wengi hujiuliza kwa nini samaki wa mto wamepungua ilhali mto wenyewe haujakauka. Jibu linahitaji maelezo, kwa sababu kiasi cha maji yaliyomo mtoni ni sehemu moja tu ya jambo hili. Sehemu nyingine ni wakati ambao maji hayo yanafika, kimo yanachofikia, kasi yanayokwenda nayo na siku yanazokaa kabla ya kupungua.

Mto mmoja, watumiaji wengi

Mto Pangani hupokea maji kutoka miteremko ya Mlima Kilimanjaro na Mlima Meru, kisha milima ya Upare na Usambara, na humwaga maji yake Bahari ya Hindi katika mji wa Pangani. Eneo linalokusanya maji ya mto huo lina zaidi ya kilomita za mraba 43,000, na sehemu yake ndogo ipo nchini Kenya. Mito miwili mikubwa ya juu, Kikuletwa na Ruvu, hukutana katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Kutoka hapo mto huteremka kuelekea kusini mashariki, hupita katika uwanda wa Kirua, hupokea Mto Mkomazi na Mto Luengera katika eneo la Korogwe, kisha huporomoka Hale na Maporomoko ya Pangani kabla ya kufika baharini.

Katika safari hiyo maji huzalisha umeme mara tatu. Kituo cha Nyumba ya Mungu kina uwezo wa megawati 8, Hale megawati 21, na Maporomoko ya Pangani megawati 68. Maji hayohayo humwagilia mashamba, kuanzia migomba na mboga za milimani hadi mpunga wa Mombo.

Mtumiaji mwingine mkubwa ni wananchi wa mijini. Wilaya ya Handeni haina mto mkubwa unaotiririka mwaka mzima. Mito yake mingi, ukiwemo Msangazi, hutegemea mvua, na kwa miaka mingi wananchi wamekuwa wakitumia malambo na visima ambavyo hukauka kiangazi kinaporefuka. Ndiyo maana Handeni imejumuishwa katika Mradi wa Maji wa Miji 28, unaogharimiwa kwa mkopo wa masharti nafuu wa Dola za Marekani milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, ambao mikataba yake ilisainiwa Juni 2022. Kwa Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani, chanzo cha maji ya mradi huo ni Mto Pangani, na maji huchukuliwa Mswaha wilayani Korogwe.

Kwa hiyo ndoo ya maji inayochotwa bombani Handeni na samaki anayevuliwa Korogwe vinatoka katika mto mmoja. Suala la afya ya mto huo si la wavuvi peke yao.

Samaki huzaa vipi mtoni

Aina za samaki wa Mto Pangani zinatofautiana katika namna ya kuzaliana, na kila namna ina mahitaji yake ya maji.

Perege wa jenasi ya Oreochromis, akiwemo perege wa Korogwe, huzaliana katika maji ya kina kifupi yaliyotulia. Dume huchimba shimo dogo la duara kwenye mchanga au tope laini la chini ya mto, hulilinda na kumwita jike. Jike hutaga mayai katika shimo hilo, huyachukua mdomoni na kuyaatamia humo hadi yanapoanguliwa, na huendelea kuvilinda vifaranga mdomoni kwa siku kadhaa. Maji yakishuka ghafla, mashimo hubaki nchi kavu. Yakipanda ghafla kwa kasi, mashimo hufukiwa na mchanga. Vifaranga wanapoachwa na mama yao huhitaji kingo zenye matete na majani ya majini, ambako hupata chakula na kujificha wasiliwe na samaki wakubwa.

Kambale ana utaratibu tofauti. Mvua kubwa zinapoanza na mto kufurika, huacha mkondo mkuu na kuingia katika maeneo yaliyotoka kufunikwa na maji. Hutaga usiku, katika maji ya kina kifupi penye nyasi, na mayai yake hunata kwenye majani yaliyozama. Hakuna mzazi anayebaki kuyalinda. Usalama wa mayai hayo unategemea jambo moja, nalo ni maji kuendelea kuzifunika nyasi hizo. Kwa kawaida mayai ya kambale huanguliwa ndani ya siku moja hadi mbili, lakini vifaranga huhitaji majuma kadhaa katika maji hayo ya pembeni, yenye joto na wadudu wengi wadogo, kabla ya kuwa na nguvu za kurudi mtoni. Furiko la siku mbili humshawishi kambale kutaga, kisha huyaacha mayai na vifaranga wake juani. Furiko la mwezi mmoja linalopungua polepole hujaza mto kambale wadogo.

Samaki wa jenasi za Labeo na Labeobarbus, ambao hupenda maji yanayotembea, hupanda mto na vijito vyake mvua zinapoongezeka ili kutaga. Kwao kupanda kwa maji ni ishara ya kuanza safari. Wakifika, wengi huhitaji sehemu zenye changarawe safi na maji yenye oksijeni ya kutosha. Changarawe ikizibwa na tope, hewa haipenyi na mayai hufa.

Wapo pia mikunga, samaki warefu wenye umbo la nyoka, ambao mzunguko wao ni kinyume cha aina hizo zote. Mikunga hukua kwa miaka mingi katika mito ya pwani ya mashariki ya Afrika, kisha hurudi Bahari ya Hindi kuzaa mara moja tu katika maisha yao. Watoto wao huingia mitoni kutoka baharini na kupanda taratibu, wakipita hata kwenye miamba iliyolowana. Kwao mto ni njia, na ukuta wowote unaokatiza njia hiyo bila kuacha pa kupita hupunguza idadi yao.

Mfano wa mwisho unaonesha kuwa hata ukavu una kazi yake. Katika madimbwi ya msimu ya nyanda za pwani na ya bonde la Pangani huishi samaki wadogo wenye rangi za kung'aa wa jenasi ya Nothobranchius. Dimbwi likikauka wote hufa, lakini mayai yao hubaki hai ndani ya tope hadi mvua inayofuata. Dimbwi kama hilo likichimbwa na kugeuzwa kuwa lambo la kudumu, na hasa likiwekwa samaki wakubwa, jamii hiyo hutoweka. Kurejesha mazalia, kwa hiyo, hakumaanishi kuongeza maji kila mahali.

Furiko lililohama

Kabla ya Bwawa la Nyumba ya Mungu, mto ulikuwa na majira yanayotabirika. Masika, kati ya Machi na Mei, maji yalipanda, yakavuka kingo na kutandaa katika uwanda wa Kirua, kati ya Nyumba ya Mungu na Korogwe. Vuli iliongeza maji tena kwa kiasi kidogo. Kiangazi mto ulirudi katika mkondo wake, na ardhi iliyoachwa wazi ikawa malisho na mashamba. Samaki, wafugaji na wakulima walipanga shughuli zao kwa kufuata majira hayo.

Bwawa hufanya kazi kwa kuyabadili majira hayo. Huhifadhi maji ya masika na kuyatoa kidogo kidogo mwaka mzima ili mitambo iliyo chini yake isikose maji kiangazi. Kwa jumla ya mwaka, kiasi kinachopita kinaweza kisipungue sana, lakini kilele cha masika hukatwa na upungufu wa kiangazi hujazwa, mto ukawa karibu sawa miezi yote. Kwa mhandisi wa umeme huo ni utulivu unaohitajika. Kwa kambale aliye Kirua, ni mwaka ambao ishara ya kutaga haikuja na nyasi hazikufunikwa. Ndiyo sababu kinamasi cha Kirua, kilichokuwa kikifurika mara kwa mara, kimepungua sana tangu bwawa lianze kazi, na uvuvi wake umepungua pamoja nacho.

Yaliyotokea ndani ya bwawa lenyewe yanathibitisha nguvu ya furiko. Maji yalipofunika ardhi kwa mara ya kwanza, nyasi, miti na samadi vilioza na kurutubisha maji, chakula cha samaki kikaongezeka na mazalia mapya yakapatikana kila upande. Uvuvi ulipanda hadi kufikia zaidi ya tani 20,000 mwaka 1970, wavuvi wakahamia huko kutoka mikoa mbalimbali, kisha katika miaka michache tu iliyofuata mavuno yakaporomoka. Sababu ya kuporomoka ilikuwa uvuvi mkubwa mno, na pia kwamba ardhi mpya ilifunikwa mara moja tu. Uwanda wa mafuriko kama Kirua hupata faida hiyo kila mwaka, kwa sababu kila mwaka ardhi hukauka, huota majani, kisha hufunikwa upya.

Umuhimu wa Mkomazi na Luengera

Kwa wakazi wa Korogwe, hali hii ina upande wenye matumaini. Mto Mkomazi na Mto Luengera huingia Pangani chini ya Nyumba ya Mungu, na maji yake hayapiti katika bwawa hilo. Mvua ikinyesha Usambara, mito hiyo hupanda na kushuka kwa kufuata majira, na kurudisha katika mkondo mkuu sehemu ya ishara ambayo bwawa limeizuia. Samaki wanaotaka kupanda ili kutaga bado wanapata njia humo.

Hali hiyo huipa mito hiyo miwili thamani kubwa kuliko ukubwa wake. Pampu inayochota maji yote ya Luengera mwishoni mwa kiangazi, shamba lililolimwa hadi ukingoni, au shimo la mchanga lililochimbwa katikati ya Mkomazi huharibu sehemu ambayo mto mkuu hauwezi tena kujipatia mahali pengine. Vilevile mmomonyoko wa udongo katika miteremko ya Usambara huonekana kuwa tatizo la mkulima wa mlimani, lakini tope lake hutua chini ya mto Korogwe, juu ya changarawe ya kutagia na mashimo ya perege.

Handeni nayo ina sehemu yake. Mito ya msimu ya wilaya hiyo, Msangazi ukiwemo, husimamiwa pamoja na Pangani na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Mito hiyo ikikatika kiangazi, samaki hubaki katika vidimbwi vichache vyenye kina. Kambale huvumilia, kwa kuwa ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, na mvua zinaporudi hutoka na kuujaza mto tena. Kidimbwi kimoja kilichobaki Oktoba ndicho mbegu ya samaki wa mwaka unaofuata. Kikikaushwa kwa mashine, kikikokotwa kwa chandarua au kikitiwa sumu, hakuna wa kurudi.

Sheria na sera zinasemaje

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka mpangilio wa vipaumbele ambao wananchi wengi hawaufahamu. Kipaumbele cha kwanza ni maji kwa mahitaji ya msingi ya binadamu. Cha pili ni maji ya kulinda ikolojia ya mito, maziwa na ardhi oevu. Matumizi ya kiuchumi, yakiwemo umeme, umwagiliaji na viwanda, yanafuata baada ya hayo mawili. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009 iliuingiza msimamo huo katika sheria kwa kutambua akiba ya maji, yaani kiasi na ubora wa maji unaopaswa kubaki kwa ajili ya mahitaji ya msingi ya watu na uhai wa viumbe wa majini.

Kwa mpangilio huo, maji ya bomba ya Handeni na samaki wa Korogwe si wapinzani. Wote wawili wapo mbele ya foleni. Maji ya kunywa ya mji ni sehemu ndogo ya maji ya mto ikilinganishwa na umwagiliaji, na hunufaika na mambo yaleyale yanayomnufaisha samaki: kingo zenye mimea, tope kidogo na maji ya uhakika kiangazi. Mtambo wa kusafisha maji hutumia dawa nyingi zaidi maji yanapokuwa na tope jingi.

Bonde la Pangani lilitangulia mabonde mengine nchini katika kazi hii. Ofisi yake ya maji, iliyoanzishwa mwaka 1991, ilikuwa ya kwanza ya aina yake Tanzania. Katika muongo wa kwanza wa karne hii ofisi hiyo, kwa kushirikiana na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN), ilifanya tathmini ya mtiririko wa mto. Wataalamu wa maji, samaki, mimea na uchumi waliangalia kwa pamoja nini kingetokea kwa mto na kwa watu endapo maji yangegawanywa kwa namna mbalimbali. Faida ya tathmini ya aina hiyo ni kwamba mgawo wa maji hujadiliwa huku kila upande ukijua gharama ya kila uamuzi, badala ya samaki kupewa yanayobaki baada ya wengine kuchota.

Akiba ya mazingira ina maana pale tu inapotajwa pamoja na majira yake. Kiasi kilekile cha maji, kikiachiwa sawasawa kwa miezi 12, hakimfikishi kambale kwenye nyasi. Kikikusanywa na sehemu yake kuachiwa masika, humfikisha.

Kurejesha mazalia: yanayowezekana

Uzoefu wa nchi nyingine za Afrika unaonesha kuwa mazalia yaliyopotea yanaweza kurudi. Kaskazini mwa Kameruni, Bwawa la Maga lililojengwa mwaka 1979 lilipunguza mafuriko ya Mto Logone katika uwanda wa Waza. Samaki walipungua, malisho yakadhoofika na watu wakahama. Mwaka 1994, na tena mwaka 1997, sehemu za tuta zilifunguliwa kwa majaribio ili maji yarudi uwandani. Nyasi za asili ziliota tena, na samaki na ndege wakaongezeka. Zambia nayo, ilipojenga Bwawa la Itezhi-Tezhi kwenye Mto Kafue katika miaka ya 1970, iliongeza ukubwa wa bwawa hilo ili maji ya ziada yaachiwe kila Machi kwa ajili ya uwanda wa mafuriko ulio chini yake.

Kwa Mto Pangani hatua ya aina hiyo inahitaji tahadhari. Watu wanaishi na kulima katika maeneo ambayo zamani yalikuwa ya mafuriko, na mvua kubwa za vuli ya 2019 na ya 2023 ziliwakumbusha wananchi wa ukanda huu madhara ya maji yanayokuja bila taarifa. Furiko la kuachiwa kwa mpango hutofautiana na la dharura kwa mambo matatu: wananchi huambiwa mapema, kimo chake hupimwa, na maji hupunguzwa polepole. Jambo hilo la tatu ndilo muhimu zaidi kwa samaki, kwa kuwa huwapa vifaranga nafasi ya kurudi mtoni kabla njia haijakatika.

Hatua nyingine hazihitaji kusubiri bwawa. Ya kwanza ni kurudisha mimea ya kingoni. Matete, mafunjo na miti ya asili hushika udongo, hupunguza kasi ya maji pembeni na kuwapa vifaranga maficho. Ya pili ni kuacha wazi vijito na mikono ya mto inayounganisha mkondo mkuu na vidimbwi vya pembeni. Tuta dogo la shamba au barabara isiyo na kalavati ya kutosha linaweza kufunga mazalia ya kijiji kizima. Ya tatu ni kuhamisha uchimbaji wa mchanga kutoka kwenye kingo na sehemu za kina kifupi. Ya nne ni kutenga vidimbwi na mapito ya kutagia ambayo hayavuliwi wakati wa masika, kwa makubaliano ya kijiji na wavuvi wenyewe.

Ya tano inahusu ufugaji wa samaki, shughuli yenye faida inayohimizwa nchini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kuwa perege walioletwa kutoka nje ya mabonde yao ya asili wameenea katika mito na maziwa mengi ya Tanzania, likiwemo Bonde la Pangani. Sato, anayependwa na wafugaji kwa kukua haraka, anaweza kushindana na perege wa asili na hata kuzaana nao, na kizazi kinachopatikana si cha asili tena. Mazalia yaliyorejeshwa kwa gharama hayatamfaa perege wa Korogwe kama yatakaliwa na samaki wa bwawa lililovunja ukingo wakati wa mvua.

Wajibu wa mwananchi

Wananchi wa Korogwe, Handeni na maeneo mengine ya bonde wanakumbushwa mambo yafuatayo kwa mujibu wa sheria zilizopo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 20 ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu, na zile zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Mkulima asiye na uhakika wa mpaka huo aombe kupimiwa kabla ya kupanda.

Kuchota maji kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali. Kuyachepusha kwa mfereji au kuyavuta kwa pampu kwa ajili ya shamba au biashara kunahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Wenye vibali wanapaswa kuchukua kiasi kilichoandikwa, na kupunguza wanapotangaziwa upungufu. Jumuiya za Watumia Maji ndizo ngazi ya kwanza ya kupatanisha mvutano baina ya watumiaji wa juu na wa chini ya mto, na kikao chao ni mahali panapofaa kuulizia maji ya masika yanayobaki kwa ajili ya samaki.

Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza uvuvi wa sumu, wa baruti na wa zana zinazokamata samaki wachanga. Kuvua kwa chandarua katika nyasi zilizofurika ni kuvuna vifaranga kabla hawajawa samaki. Anayetaka kuanzisha bwawa la samaki awasiliane kwanza na afisa uvuvi wa wilaya kuhusu aina inayofaa, na ajenge bwawa mahali ambapo mto ukifurika hautalifikia.

Mwisho, wavuvi wana ujuzi ambao hakuna chombo cha kupimia maji kinachoweza kuutoa. Wanajua kambale alianza kutoka mtoni wiki gani, nyasi zilifunikwa kwa siku ngapi na kidimbwi kipi hakikukauka. Taarifa hizo zikipelekwa kwa serikali ya kijiji, kwa afisa uvuvi na kwa jumuiya ya watumia maji, mwaka baada ya mwaka, zitawasaidia wanaopanga mgawo wa maji kujua ni lini mto unapaswa kupanda, na kwa siku ngapi ubaki juu.